Je, wanawake wa Mongolia wanaishi kwa kuimba?

"Shikamoo mwalimu. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 19, yuko chuo hapa Dodoma na anaimba sauti ya kwanza kwaya. Tangu mwaka jana amezama kwenye video za waimbaji wanawake wa Mongolia, wale wa majoho ya hariri na kofia zenye ncha. Anasema anataka kuimba 'kwa koo' kama wao. Mazoezi anafanya usiku hosteli, mto umebanwa mdomoni ili wenzake wasiamke. Sasa ni wiki ya tatu sauti imempwea, kwaya wamempumzisha. Mama yake anasema wanawake wale ni wa kuburudisha watalii, hawana mbele wala nyuma. Binti anasema wote wako Ulaya na wana hela. Mimi mjomba nimewekwa kuwa hakimu na kesi yenyewe siijui. Ni kweli wanaimba kwa koo? Wanaishi kwa kuimba? Na ni lazima mtu atoke kwao ndipo aonekane?"

Marahaba, mjomba. Umeuliza mambo matatu, lakini lililonifanya nijibu leo badala ya wiki ijayo ni la nne, ambalo hukuliuliza: wiki tatu bila sauti. Tulimalize hilo kwanza, kisha twende Mongolia roho zikiwa zimetulia.

Sauti iliyopwea kwa mafua huwa inarudi yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Ikifika ya tatu, na mwenyewe ni mtu wa kuimba, hapo si pa kubahatisha tena. Mpeleke wiki hii kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ataingiza kamera ndogo puani au mdomoni aziangalie nyuzi za sauti zilivyo ndani ya zoloto. Ni kazi ya dakika chache, inakera zaidi ya kuuma. Huenda akakuta uvimbe wa kawaida. Huenda akakuta vinundu, ambavyo ni ndugu wa sugu za kiganjani: nyuzi mbili zimegongana mahali palepale siku baada ya siku mpaka pakakomaa. Vikiwahiwa, vinundu vingi huisha kwa kupumzisha sauti na kufundishwa upya namna ya kuitumia, bila kisu. Vikiachwa vikazoea, kazi huwa ndefu.

Kabla ya kumwona daktari asiimbe, na asinong'one pia. Watu wengi hudhani kunong'ona ni kuipumzisha sauti, kumbe mara nyingi ni kuikaza zaidi. Aongee kwa sauti yake ya kawaida, machache, na anywe maji. Tangawizi na asali mpeni, vinafariji, ila msivitegemee kama dawa: tunachomeza hupita njia ya chakula, hakizigusi nyuzi za sauti. Kingezigusa, angekohoa mpaka machozi yamtoke. Akianza kupumua kwa shida, akimeza kwa maumivu, akikohoa damu au mkiona uvimbe shingoni, msisubiri miadi. Nendeni siku hiyohiyo.

Na ule mto aulalie tu. Mwimbaji asiyejisikia vizuri husukuma bila kujua. Ndiyo maana mtu aliyeziba masikio kwa spika za simu hukujibu kwa kelele. Mpwa wako kila usiku amekuwa akisukuma pumzi kwenye pamba ili asikie kitu ambacho pamba inakimeza. Ningeshangaa kama sauti isingempwea. Isitoshe, uimbaji anaouiga ulizaliwa kwenye nyika ambako jirani wa karibu anaweza kuwa mbali kwa farasi, hakuna ukuta wa kurudisha sauti wala mwenzako wa kuamshwa. Ameuchukua wimbo wa mbugani akaufungia chini ya shuka.

Sasa tuje kwenye koo. Kaa naye, mwambie akuwekee ile video anayoipenda kuliko zote, nawe usikilize kitu kimoja tu: kuna maneno? Kama unasikia mngurumo mmoja wa chini usiokatika, na juu yake kitu kama filimbi nyembamba inapiga wimbo, na hakuna neno hata moja, hiyo ndiyo khöömii, na hapo kweli tunazungumzia koo. Jina lenyewe kwa Kimongolia lina maana hiyo. Kama unasikia silabi moja inavutwa, inapanda, inatetemeka, halafu inavunjikia juu kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde, hiyo ni sanaa nyingine kabisa. Inaitwa urtyn duu, yaani wimbo mrefu. Nina karibu hakika yote kwamba kilichomteka mpwa wako ni hicho cha pili, kwa sababu ndicho kilichowapa majina waimbaji wanawake wa kule tangu zamani. Wanaoweka video hizo mtandaoni huziita zote "za koo" kwa kuwa neno hilo linavuta watazamaji, basi naye akaanza kulitafuta koo ambalo kwenye wimbo wenyewe halipo.

Khöömii inafanyikaje? Jaribu mwenyewe, mjomba, hapo ulipo. Toa "uuu" kwa sauti ya chini, usipandishe wala kushusha, halafu igeuze polepole sana iwe "iii". Ukisikiliza kwa makini utasikia kitu chembamba juu ya sauti yako kinapanda ngazi. Kila sauti ya binadamu imebeba sauti nyingi ndogondogo juu yake, ila masikio yetu huzisikia kama kitu kimoja. Mwimbaji wa khöömii hukaza koo kwa kiasi anachokijua, kisha kwa ulimi na midomo anaitenga moja kati ya zile ndogo na kuikuza mpaka isimame peke yake. Neno la kushika ni "kwa kiasi anachokijua". Huo mkazo hufundishwa na mtu aliyekaa mbele yako, anayekuambia acha kabla hujaumia. Video haiwezi kukuambia acha.

Je, wanawake huimba khöömii? Zamani walikatazwa. Wazee walisema mwanamke akiiimba atapata shida ya uzazi, au nuksi itawaangukia ndugu zake. Katika maumbile ya koo la mwanamke hakuna kinachoiunga mkono imani hiyo, na leo wako wanawake wanaoiimba jukwaani. Upande wa pili wa mpaka, katika jamhuri ya Tuva iliyo ndani ya Urusi, wenye utamaduni uliokaribiana sana na huo, wanawake walianzisha kundi lao mwaka 1998, Tyva Kyzy, maana yake mabinti wa Tuva. Na kabla yao Sainkho Namtchylak, aliyezaliwa 1957 hukohuko Tuva, alikwisha zichukua mbinu za koo akaenda nazo Ulaya na kuzichanganya na jazi isiyo na mipaka. Kwa hiyo mtu akimwambia mpwa wako kwamba khöömii ni haramu kwa mwanamke, anasimulia mila tu. Lakini mimi nikimwambia asiiguse bila mwalimu, hiyo ni tahadhari ya koo lake.

Turudi kwenye wimbo mrefu. Haukuitwa mrefu kwa sababu unachukua muda mwingi, bali kwa sababu neno linavutwa: wimbo wa dakika nne unaweza kuwa na maneno kumi tu. Hauna mdundo wa kupigia makofi. Nyuma yake aghalabu kuna morin khuur, zeze la nyuzi mbili za singa za farasi lenye kichwa cha farasi kimechongwa juu ya shingo yake, nalo linamfuata mwimbaji kama kivuli, halimwongozi. Juu kabisa mwimbaji huivunja sauti ikaruka kichwani na kurudi. Wao huita shuranhai. Nyimbo hizi hufungua karamu, harusi na sherehe za Naadam zinazofanyika kila Julai, na ukianzishwa wa heshima watu huacha maongezi. UNESCO iliutangaza uimbaji huu kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, kwa maombi ya pamoja ya Mongolia na China.

Mara ya kwanza nilipomsikia mwimbaji wa urtyn duu ana kwa ana, nilikaa safu ya pili na nikaamua kutomtazama usoni. Nilimtazama mabega. Hayakupanda. Alivaa deel, lile joho lao linalofungwa mkanda mpana kiunoni, na kila alipovuta hewa niliona kitambaa kikitanuka juu kidogo ya mkanda, kushoto na kulia, kama mvukuto wa mhunzi. Taya lilikuwa limelegea kama la mtu anayekaribia kusinzia. Kwenye ile noti ya juu, ambayo mimi na waimbaji wengi ninaowafundisha tungeikunjia uso na kuinua kidevu, shingo yake haikuonyesha mshipa hata mmoja. Mwambie binti arudie video zake zote akiwa amezima sauti kabisa, atazame shingo tu. Atajifunza zaidi ya alichojifunza mwaka mzima.

Kuhusu maisha yao, dada yako na mwanawe kila mmoja ameshika upande wake wa ukweli. Nikupe historia kidogo, kwa sababu bila hiyo hata hali ya leo haieleweki.

Jina kubwa kuliko yote katika wimbo mrefu ni la mwanamke, Namjilyn Norovbanzad. Alizaliwa 1931 katika mkoa wa Dundgovi, yaani Gobi ya Kati, kwenye nchi ya wafugaji. Mwaka 1957 alikwenda Moscow kwenye tamasha la dunia la vijana akarudi na medali ya dhahabu. Zingatia kilichofuata: aliendelea kuwa mwimbaji wa taifa, mwenye makao Ulaanbaatar, mji mkuu, anayesafiri na kurudi. Mwaka 1993 Japani ikampa tuzo ya Fukuoka ya sanaa na utamaduni. Alifariki 2002, na hadi leo ukitaja wimbo mrefu mbele ya Mmongolia jina lake halikosi kufuata. Mwanamke huyu alifika mbali bila kuhama kwao.

Aliwezaje? Kwa sababu wakati ule nchi ilikuwa ya kisoshalisti na uimbaji ulikuwa ajira ya serikali. Kulikuwa na vikundi vya taifa, majumba ya maonyesho mikoani, mshahara wa mwezi, na vyeo vya heshima vilivyoigwa kutoka Urusi ya Kisovieti: Msanii Mtukufu, kisha juu yake Msanii wa Watu. Vyeo hivyo bado vinatolewa na bado vina uzito. Kwenye bango la tamasha utavikuta kabla ya jina. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba serikali ndiyo iliyoamua nini kiimbwe na nani asafiri.

Mwaka 1990 mfumo ukabadilika. Siasa ilifunguka, mipaka ikafunguka, na fedha za serikali zikasinyaa. Vikundi vilibaki lakini mshahara peke yake haukutosha tena. Tangu hapo mwimbaji wa nyimbo za asili anaishi kama fundi mwenye vibarua vingi: mshahara wa kikundi, harusi na karamu, hafla za makampuni, wanafunzi wa nyumbani, na wakati wa kiangazi maonyesho ya watalii. Hapo ndipo dada yako hajakosea. Kuna vikundi Ulaanbaatar, Tumen Ekh ni kimojawapo kinachojulikana sana, ambavyo huwaonyesha wageni wimbo mrefu, khöömii, ngoma na wanasarakasi katika jioni moja. Lakini kusema ni "wa kuburudisha watalii" kana kwamba ni aibu, hapana. Anayemwimbia mtalii Julai ndiye huyohuyo anayemwimbia bibi harusi Septemba na kufundisha watoto Januari. Watalii wanampa fedha za msimu. Jina lake linajengwa kwenye harusi, ambako wasikilizaji wanaujua wimbo na watajua akikosea.

Halafu kuna upande ambao video za mpwa wako huenda hazimwonyeshi kabisa: waimbaji wa muziki wa kisasa, ambao kwao ndio mastaa. Sarantuya, anayejulikana kwa kifupi Saraa, na Ariunaa walipanda miaka ya tisini mara tu milango ilipofunguka, na wameendelea kuwa majina yanayojulikana kila nyumba. Kwenye rapu, Gennie alionekana katika filamu ya hali halisi ya mwaka 2012 kuhusu hip hop ya Ulaanbaatar, akiwa mwanamke katikati ya vijana wa kiume. Baadaye akaja Mrs M. Muulize mtu yeyote wa Ulaya au Marekani kuhusu Saraa, atakukodolea macho. Muulize Mmongolia anayeosha vyombo Seoul, atakuimbia.

Hesabu yao ni ngumu, na hapa ndipo kuna kiini cha swali lako la tatu. Mongolia nzima ina watu takriban milioni 3.5, karibu nusu yao wamo Ulaanbaatar. Ukipata umaarufu wa juu kabisa nyumbani, soko lako lote ni dogo kuliko jiji la Dar es Salaam, tena kwa lugha ambayo majirani zake wawili, Urusi na China, hawaizungumzi, ukiacha Wamongolia walio ndani ya mipaka yao. Kwa hiyo msanii wa pop wa kule husafiri, ila huwafuata Wamongolia wenzake walikohamia: Korea Kusini zaidi, kisha Japani, Marekani, Ujerumani. Anakwenda nje lakini anawaimbia watu wa nyumbani. Na yule ambaye wazungu wanamjazia kumbi zao ni mwingine, mwenye sauti nyingine na wimbo mwingine.

Mchukue Khongorzul Ganbaatar. Ni mwimbaji wa wimbo mrefu, na alichaguliwa kuimba na Silk Road Ensemble, kundi lililoanzishwa na Yo-Yo Ma, mpiga cello, lile zeze kubwa la Magharibi. Mtunzi wa Mongolia, Byambasuren Sharav, aliandika kazi kuhusu mto Kherlen ambamo sauti yake na morin khuur vinakutana na matromboni, piano na ngoma za Magharibi. Isikilize ukipata nafasi. Matromboni yanaingia kama kundi la ng'ombe wanaovuka mto, na yeye juu yao hababaiki. Hakubadilisha wimbo wake upendeze wageni; kilichobadilika ni waliokaa pembeni yake.

Urna Chahar-Tugchi ni hadithi nyingine, tena inanipa nafasi ya kurekebisha kosa moja. Watu wengi humwita mwimbaji wa Mongolia. Yeye ni Mmongolia, ndiyo, lakini alizaliwa Ordos, katika Mongolia ya Ndani, ambayo ni jimbo la China. Huko wako Wamongolia wengi kuliko nchi ya Mongolia yenyewe, na wanaandika kwa hati ya zamani inayoshuka wima, wakati wa nchi huru wanatumia zaidi herufi za Kirusi. Urna alitoka kwa wafugaji akaenda kusomea yangqin, ala ya nyuzi zinazogongwa kwa vijiti, hadi chuo cha muziki cha Shanghai, kisha akahamia Ujerumani. Huko akaimba nyimbo za Ordos na wanamuziki wa mataifa mengi, akizivunja na kuziunda upya. Mwaka 2009 alikuwa mhusika mkuu wa filamu ya mwongozaji Byambasuren Davaa, ambamo anasafiri Mongolia akitafuta beti zilizopotea za wimbo wa bibi yake. Ukiitazama utaona jambo linalochoma: mwimbaji anayejulikana Ulaya anabisha hodi kwenye mahema ya wafugaji akiomba afundishwe wimbo wa kwao.

Wa karibuni zaidi ni Enji, jina kamili Enkhjargal Erkhembayar. Alikulia Ulaanbaatar, alisomea kuwa mwalimu wa muziki, na jazi aliipata katika mafunzo yaliyoendeshwa mjini hapo na Taasisi ya Goethe ya Wajerumani. Leo makao yake ni Munich. Albamu zake Ursgal ya 2021, Ulaan ya 2023 na Sonor ya 2025 zimemfungulia kumbi za jazi Ulaya. Anaimba zaidi kwa Kimongolia, kwa sauti ya chini, karibu ya mtu anayezungumza jikoni, na ghafla unaisikia ile mivuto ya wimbo mrefu imejificha ndani. Binti anayefikiri safari ya nje ni kupiga ukunga kwenye jukwaa kubwa amsikilize Enji.

Utaona sijakutajia kundi lenye kelele. Wamongolia waliovuma zaidi duniani miaka hii ni wanaume: bendi ya roki The Hu na gitaa zao nzito, na kwenye opera mabaritoni wawili, yaani wanaume wa sauti ya kati, waliong'ara katika mashindano ya uimbaji ya Cardiff, Amartuvshin Enkhbat mwaka 2015 na Ariunbaatar Ganbaatar mwaka 2017. Maoni yangu, na unaweza kuyakataa: soko la nje linapenda Mongolia ya wapiganaji na farasi, na mwanamke hana nafasi nzuri katika picha hiyo. Si kwamba kwao wamekandamizwa kielimu. Kule wasichana ndio wengi vyuoni kuliko wavulana. Ni kwamba mnunuzi wa tiketi amekwisha amua anataka kumwona nani. Wanawake niliokutajia waliingia kwa mlango mwingine, wa jazi, wa muziki wa kumbini, wa filamu. Mlango huo ni mwembamba na unachelewa kufunguka, na walioupita wamedumu.

Kwa hiyo, ni lazima mtu atoke ndipo aonekane? Hapana. Tumezoea kusema nabii hakubaliki kwao, ila hapa usemi huo hautusaidii, maana Norovbanzad na Saraa walikubalika kwao kwanza. Hata hapa kwetu, Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, wakati Unguja walikuwa wamemjua kwa unyago na taarabu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kuimba nyumbani na kuimba nje ni kazi mbili tofauti, kila moja na bosi wake. Ya nje humlipa mtu kwa kuwa tofauti na wasikilizaji wake. Ya nyumbani humlipa kwa kuwa wao wenyewe. Wachache wanaziweza zote mbili, na anayehamia nje hulipa kwa kukosa harusi za kwao. Kuhusu "wote wana hela", mwambie binti kwamba mwanamuziki wa jazi Ulaya, awe Mmongolia au Mjerumani, mara nyingi anafundisha ili alipe kodi ya nyumba.

Sasa afanye nini? Simshauri aache. Mtoto anayekubali kukosa usingizi kwa ajili ya sauti ana kitu. Lakini simshauri pia aweke lengo la kuwa mwimbaji wa urtyn duu. Sanaa ile imekaa ndani ya lugha: mvuto wa silabi unafuata irabu za Kimongolia, na mwalimu humsahihisha mwanafunzi neno kwa neno. Akitaka kweli, chuo kikuu cha serikali cha sanaa na utamaduni kipo Ulaanbaatar, ila awe tayari kwa miaka ya lugha, kwa majira ya baridi yanayoshuka hadi nyuzijoto 30 chini ya sifuri, na kwa moshi wa makaa ya mawe. Makaa ghafi yalipigwa marufuku mjini hapo mwaka 2019, lakini hewa ya Januari bado si rafiki wa koo. Mimi ningemwambia achukue kile kinachosafirika, yaani pumzi, subira na ujasiri wa kukaa kwenye silabi moja, aviingize katika nyimbo zake mwenyewe. Enji alifanya hivyohivyo kwa njia ya kinyume: jazi aliichukua kwa wageni, lugha akabaki na yake.

Akipata mtu wa kumwahidi mkataba wa kuimba nje, na wapo wanaovizia mabinti kwenye kurasa za waimbaji, asitoe pasipoti yake mkononi wala asilipe ada ya "kusajiliwa". Mkataba usomwe na mwanasheria kabla ya kusainiwa, hata kama unaonekana mfupi.

Daktari akimruhusu, atafute mwalimu wa sauti wa kukaa naye chumba kimoja, hata yule wa kwaya kama ana masikio mazuri, na aanze na dakika kumi kwa siku. Asubuhi, si usiku. Dodoma uwanda hauwapungukii. Atoke nje asimame mahali pasipo na ukuta, avute silabi moja polepole mpaka pumzi imalizike yenyewe, apumzike, arudie. Siku sauti ikikwaruza, siku hiyo mazoezi yameisha. Na akitaka kusikiliza mwimbaji mmoja kwa wiki nzima bila kuiga, aanze na Norovbanzad. Amtafute kwa majina yote mawili, Namjilyn Norovbanzad. Kwao jina la mzazi hutangulia na la mtu mwenyewe hufuata, kwa hiyo akiandika Namjilyn peke yake ataletewa watu wengine kabisa. Ni sawa na wewe kumtafuta Siti binti Saad kwa kuandika "binti Saad".